Dodoso la Barabara ya Makaa ya Mawe

Binti kutoka Ulaanbaatar amegonga mlango wa lori langu,
buti mpya, kalamu imeganda wino.
Nimempandisha, nimempa chai ya chumvi.
Ameipulizia kalamu kama mtoto aliyeungua kidole,
kisha akasoma swali la kwanza:
je, usafirishaji katika njia hii ni endelevu?

Endelevu.
Neno zuri, dada, halikwaruzi koo.
Foleni hii inaendelea tangu Jumatatu,
deni langu linaendelea,
na baridi ya Gobi, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
haijaomba likizo.
Weka alama kwenye ndiyo.

Mapato?
Nalipwa kwa safari, si kwa siku.
Siku kumi mbele ya lango la mpaka zina bei ya siku moja,
yaani tisa nimewapa bure.
Lori ni la benki kuanzia ekseli ya nyuma,
la shemeji yangu Zorigt kuanzia usukani;
mimi ninamiliki kikombe hicho unachonywea.
Makaa yalipopanda bei waliniambia dizeli nayo imepanda.
Yaliposhuka, waliniambia yameshuka.
Andika hivyo hivyo.
Hakuna kisanduku? Andika pembeni.

Mazingira.
Unaliona hema lile la sufi, kule moshi unakolala?
Chimgee alichinja mbuzi wakati wa vuli,
akapasua kifua, akakuta mapafu meusi kama matairi yangu.
Hakututukana.
Nyama alitugawia. Mapafu aliyatundika kwenye ua,
upande wa barabara,
tuyaone tukipita.
Tulipita.
Kila lori lilipiga honi mara moja,
sijui kwa kuomba radhi au kwa mazoea.

Wanawake katika sekta?
Oyunbileg, yule mwenye gari dogo la bluu.
Anauza buuz, vifuko vya unga vyenye nyama, mvuke ukitoka,
anabeba dawa za presha, chaja, barua ya talaka ya mtu,
anakopesha, anasahau kwa makusudi.
Sisi tunasafirisha makaa; yeye anatusafirisha sisi.
Bima hana. Cheo hana.
Katika fomu yako sijui utamwita nani.

Ajali katika miezi kumi na miwili?

Hakuna.

Dashnyam hakugonga kitu.
Alifunga madirisha, akawasha kijiko chake cha bati, akalala.
Asubuhi tulimkuta amekaa wima kama anayesubiri kuitwa jina,
na mbele yake foleni ilikuwa imesogea lori mbili.
Watu wa nyuma walipiga honi, Mungu atusamehe,
mimi nikiwa mmoja wao.
Kampuni ilileta dereva mwingine kabla jua halijachwa.
Mzigo ulivuka kwa wakati.
Nasikia kwenye kompyuta yao safari ile ina rangi ya kijani.

Binti amekunja ukurasa. Amenionyesha picha ya reli:
treni moja, kazi ya malori mia, vumbi hakuna.
Jengeni.
Mimi si mjinga wa kukumbatia vumbi langu,
na mbuzi wa Chimgee wana haki ya kifua cheupe.
Ila nimehesabu mabehewa kwenye hiyo picha, moja moja,
na kidole changu kimefika mwisho wa karatasi:
lipi letu?

Hakujibu. Aliandika kitu pembeni,
herufi ndogo, za mtu anayeogopa bosi wake,
na hapo honi zikaanza kule mbele.
Akaruka chini. Nikasogea mita arobaini.

Kalamu ameisahau juu ya dashibodi,
imepata joto, inavuja.
Kwenye kioo cha pembeni namwona
anagonga lori la nyuma yangu, anajipapasa mifukoni.
Humo yumo Purevdorj, hasikii sikio la kushoto.
Atamjibu maswali mengine kabisa.